Kombe walilonyang'anywa vijana wa Howard

Walitoka Trinidad, Jamaica, Nigeria, Ghana na Guinea, wakavaa jezi ya chuo kimoja jijini Washington. Waliposhinda, wakaulizwa swali ambalo watu wa Busia wamelizoea: Wewe hasa ni wa wapi?

MSOMAJI, ikiwa umewahi kushuka kwenye basi mjini Busia alfajiri, safari yako ikiwa ni ya Jinja au Kampala, basi huhitaji kuelezwa maana ya mpaka. Malori yamepanga foleni kama siafu, wabadilishaji pesa wanakurukia kabla hujanyoosha miguu, na vijana wa bodaboda wanaugombania mzigo wako kana kwamba ni wao. Hata jina lao hilo lilizaliwa papa hapa. Kabla ya kituo cha pamoja kufunguliwa rasmi mwaka 2018, msafiri aligongewa muhuri upande wa Kenya, akavuka kipande cha ardhi kisicho cha huyu wala cha yule, kisha akagongewa muhuri mwingine upande wa Uganda. Tangu miaka ya 1960 vijana wenye baiskeli waliiona riziki katika kipande hicho, wakawa wanawabeba watu boda kwa boda.

Lakini mpaka wenyewe ni mgeni kuliko wenyeji wake. Hadi mwaka 1902 ardhi hii yote, na nyingine nyingi hadi kuelekea Naivasha, ilihesabiwa kuwa ya Uganda. Waingereza wakaihamisha kwa kalamu tu. Kisha mwaka 1926 ikatoka Amri ya Mfalme iliyouandika mpaka kwa urefu: mto Sio hapa, mto Malaba pale, kilima hiki, jiwe lile. Abasamia wakaamka wakiwa wa nchi mbili. Iteso nao vivyo hivyo, mjomba Tororo na mpwa Amukura.

Na tazama sadfa hii. Mwaka uo huo wa 1926 ndipo Kenya na Uganda zilipoanza kushindania Kombe la Gossage, lililotolewa na watengenezaji sabuni, na ambalo Kenya ililitwaa baada ya mechi kurudiwa. Kwa hivyo mstari wa kuwagawa watu na mchezo wa kuwashindanisha viliandikwa katika mwaka mmoja.

Tangu hapo, kila kizazi cha vijana wa mpakani kimekuwa na tatizo lake. Chukua kijana ambaye mama yake ni wa ng'ambo, aliyeanza darasa la kwanza Uganda akamalizia la nane Kenya. Akiwa mchezaji duni hakuna anayemuuliza chochote. Aanze kufunga mabao, uone! Timu iliyofungwa haiulizi amefunga vipi. Inauliza cheti chake cha kuzaliwa kiko wapi.

Leo nataka nikusimulie kisa cha timu iliyoulizwa swali hilo mbali sana na Busia, mbele ya taifa zima la Marekani, ikanyang'anywa kombe kwa sababu yake, kisha ikarudi uwanjani. Ni kisa ambacho mwanafunzi anayeota kusomea ng'ambo kwa nguvu za miguu yake anapaswa kukijua. Si kisa chepesi, maana hao wanyonge wetu nao walikuwa na makosa yao.

Vyuo vya Weusi

Kwanza tuelewane kuhusu vyuo vyenyewe. Baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe kumalizika Marekani mwaka 1865, na watumwa kuachwa huru, vyuo vikuu vya majimbo ya kusini viliendelea kuwafungia milango watu Weusi. Ikabidi wawe na vyao. Chuo Kikuu cha Howard kilianzishwa mwaka 1867 jijini Washington, kikapewa jina la jenerali mmoja wa vita hivyo, Oliver Otis Howard. Sisi Wakenya tuna deni kidogo kwake. Thurgood Marshall, aliyehitimu sheria hapo mwaka 1933, ndiye wakili aliyekuja kuwasaidia wajumbe Waafrika kwenye mkutano wa Lancaster House mwaka 1960, akaandika rasimu ya haki za kimsingi kwa ajili ya Kenya iliyokuwa ikielekea uhuru.

Kwa kuwa vijana Weusi hawakuruhusiwa kucheza katika timu za Wazungu wa kusini, vyuo vyao vilichezeana vyenyewe kwa vyenyewe. Mchezo mkuu ulikuwa ile kandanda ya Kimarekani ya mpira wa umbo la yai, ambayo wengi wetu huiona kwenye televisheni tukabaki kujiuliza watu wanarundikana kwa nini. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia mchezo huo uliwapatia Weusi mashujaa wao. Pale Grambling, Louisiana, kocha Eddie Robinson alianza kazi mwaka 1941 akaistaafu mwaka 1997 akiwa na ushindi mara 408. Mchezaji wake, Paul Younger aliyepewa jina la utani Tank, yaani kifaru, alisajiliwa na Los Angeles Rams mwaka 1949, akawa wa kwanza kutoka chuo cha Weusi kuingia katika ligi ile kubwa ya kulipwa. Magazeti ya Wazungu yaliziandika mechi hizo kwa nadra. Ubingwa wao ulikuwa ubingwa wa Weusi, na uliishia humo humo.

Soka, yaani kandanda tunayoijua mimi na wewe, ilikuwa na njia nyingine. Wamarekani wenyewe hawakuijali sana. Lakini Howard ilikuwa imejaa wanafunzi kutoka visiwa vya Karibi na Afrika, na hao walizaliwa nayo. Mwaka 1961 timu ya Howard ilitwaa ubingwa wa NAIA, shirikisho la vyuo vidogo. Ubingwa wa vyuo vikubwa, ule wa chama kinachoitwa NCAA, ulikuwa bado ndoto.

Kipa kutoka Trinidad

Mwaka 1970 Howard ilimwajiri Lincoln Phillips kuwa kocha. Bwana huyu alikuwa kipa wa timu ya taifa ya Trinidad na Tobago, kisha akaja Marekani kudaka mipira ya kulipwa katika klabu ya Baltimore Bays, na baadaye akawa kipa na kocha kwa wakati mmoja wa Washington Darts. Alijua lipi analitafuta na wapi atalipata. Akachukua vijana wa kwao Trinidad kama Alvin Henderson na Keith Aqui, washambuliaji ambao walinzi wa vyuo vya Marekani hawakuwa na dawa yao. Akawa na Mori Diane wa Guinea, na wengine wa Ghana, Nigeria, Jamaica na Bermuda. Mwaka huo wa kwanza walifika nusu fainali wakatolewa na UCLA ya California.

Mwaka 1971 hawakutolewa na mtu. Walicheza mechi 15 wakashinda zote 15. Katika nusu fainali waliilaza Harvard, chuo cha matajiri na marais, bao 1-0. Fainali ilichezwa Desemba katika uwanja wa Orange Bowl mjini Miami, na aliyekuwa akiwasubiri ni Chuo Kikuu cha Saint Louis.

Hapa lazima nisimame kidogo. Saint Louis walikuwa wafalme wa soka ya vyuo. Kufikia siku hiyo walikuwa wametwaa ubingwa tangu mwaka 1959 hadi watu wakachoka kuhesabu, na walikuwa wanautafuta wa tatu mfululizo. Wachezaji wao walikuwa vijana wa jiji lao, waliolelewa katika mitaa na shule za Kikatoliki ambako soka ilichezwa kizazi baada ya kizazi. Kocha wao, Harry Keough, alikuwa mmojawapo wa Wamarekani 11 walioifunga Uingereza 1-0 katika Kombe la Dunia mwaka 1950 pale Belo Horizonte, Brazil, matokeo ambayo Waingereza hadi leo hawapendi kukumbushwa. Na je, unajua ni nani aliyefunga bao lile la Marekani? Ni Joe Gaetjens, mwanafunzi kutoka Haiti ambaye hakuwa raia wa Marekani. Malalamiko yalifika kwa FIFA, ikaonekana hakuna kosa, bao likabaki bao. Tafadhali liweke jambo hilo mfukoni, tutalihitaji.

Howard waliwashinda Saint Louis 3-2. Kwa mara ya kwanza timu ya chuo cha Weusi ilikuwa bingwa wa soka wa vyuo vyote vya Marekani, wakubwa kwa wadogo, Wazungu kwa Weusi.

Barua na mafaili

Furaha haikukaa sana. NCAA ilianza uchunguzi. Ikawa ni barua kwa barua, faili kwa faili, mchezaji mmoja mmoja: alizaliwa lini, alimaliza shule lini, alicheza wapi kabla ya kuja, alifanya mtihani gani. Mwishowe chama kikaamua kwamba Howard ilikuwa imewachezesha watu wasiostahili. Ubingwa wa 1971 ukafutwa, kombe likatakiwa kurudishwa, na timu ikazuiwa kushiriki michuano ya ubingwa ya mwaka 1973.

Makosa yaliyotajwa yalikuwa ya aina tatu, na inafaa tuyatenganishe kwa sababu hapo ndipo wengi husimulia kisa hiki kwa pupa.

Kosa moja lilihusu muda. Sheria ilisema mchezaji awe amemaliza kuchezea chuo katika miaka mitano tangu alipojiunga na chuo mara ya kwanza, popote pale. La pili lilihusu masomo. Kabla ya kuruhusiwa kucheza, mwanafunzi alitakiwa kukadiriwa, kwa matokeo yake ya sekondari na mtihani maalumu wa Kimarekani, kwamba angepata wastani wa angalau alama 1.6 kati ya 4 chuoni. Kulikuwa na wachezaji wa Howard ambao hawakufanyiwa makadirio hayo. Unaweza kusema, na mimi nasema, kwamba kijana aliyefanya mitihani ya Cambridge huko Port of Spain asingeanguka kwa kipimo hicho. Lakini karatasi ni karatasi. Ofisi ya chuo ilipaswa kuijaza na haikuijaza. Jambo la kuchekesha, kama lina kicheko, ni kwamba sheria hiyo ya 1.6 ilifutwa na NCAA yenyewe mwaka 1973, mwaka ule ule Howard ilipokuwa ikitumikia adhabu.

La tatu ndilo kiini cha mambo. NCAA ilikuwa na sheria ya wanafunzi wageni. Mgeni aliyecheza michezo nchini kwao baada ya kutimiza umri wa miaka 19, kila mwaka aliocheza ulihesabiwa kana kwamba alikuwa anachezea chuo, ukakatwa katika miaka yake michache ya kucheza. Mwananchi wa Marekani hakukatwa hivyo.

Nikupe mfano. Wawazie vijana wawili wa miaka 22. Mmoja ni wa Saint Louis. Alimaliza shule akafanya kazi gereji miaka mitatu, kila wikendi akicheza soka katika timu ya mtaa wake. Anaingia chuoni na miaka yake yote ya kucheza mkononi. Wa pili amemaliza kidato cha sita katika shule moja ya Busia akiwa na miaka 19, jambo la kawaida kabisa kwetu zama zile, maana mfumo wa zamani ulikuwa na miaka mingi na karo ilikuwa haipatikani kila muhula. Hana nauli ya ndege. Anapata ukarani katika ofisi ya kata, anaweka akiba, jioni anachezea timu ya wafanyakazi. Miaka mitatu baadaye barua ya kukubaliwa inafika, kijiji kizima kinamchangia, anapanda ndege. Akifika anaambiwa miaka mitatu imeshakatwa. Wote wawili wamecheza soka ile ile, kwa muda ule ule, kwa nguo zile zile za kuazima. Mmoja ameadhibiwa kwa sababu alichezea upande usiofaa wa mpaka.

Watetezi wa sheria walikuwa na hoja yao, na si ya kudharauliwa. Walisema si haki mvulana wa miaka 18 aliyetoka shule juzi akabiliane na mwanamume wa miaka 24 mwenye uzoefu wa klabu kubwa. Wazazi wenye watoto katika michezo ya shule zetu wanaielewa hoja hiyo vizuri. Tumewaona "wanafunzi" wenye ndevu wakiwapiga kumbo watoto wa kidato cha pili. Lakini kama shida ni umri na uzoefu, kwa nini sheria isihesabu umri na uzoefu wa kila mtu? Kwa nini imhesabie mgeni peke yake?

Howard ilikwenda mahakamani na swali hilo.

Msimu wa 1974

Kesi ikiwa bado inasukumwa, mpira nao ulikuwa unachezwa. Mwaka 1973, Howard wakiwa wamefungiwa nje, Saint Louis walitwaa ubingwa kama walivyoutwaa 1972. Wakawa na mataji 10. Kisha adhabu ya Howard ikaisha.

Baadhi ya wachezaji wa 1971 walikuwa wameondoka. Phillips alijenga kikosi kingine, safari hii kila karatasi ikiwa imekaguliwa, kwani nani angethubutu tena? Alikuwa na Ian Bain kutoka Trinidad, Richard Davy wa Jamaica, na Kenneth Ilodigwe wa Nigeria. Aliwaambia wazi kwamba hawatoki kucheza mpira tu. Walikuwa wamepokonywa kitu hadharani, na kukirudisha ilikuwa ni kuhakikisha hawapotezi hata mechi moja.

Hawakupoteza hata moja. Walicheza 19 wakashinda 19. Walifunga mabao 63, wakafungwa 6 tu. Ebu zisome tena takwimu hizo, wewe unayeshabikia timu inayoridhika na sare. Mabao 6 katika mechi 19!

Hartwick, chuo cha New York, walitolewa katika nusu fainali. Fainali ikawa ni nani na nani? Howard na Saint Louis, bila shaka. Tena ilichezwa mjini St. Louis kwenyewe, katika uwanja wa Busch, mbele ya mashabiki wa mabingwa watetezi, na Harry Keough akiwa pale pale kwenye benchi lake.

Dakika 90 zilikwisha timu zikiwa 1-1. Ukaongezwa muda, hakuna kitu. Ukaongezwa tena. Ukaongezwa mara ya tatu. Wakati huo kila mpira unaopotea unaonekana kama ndio wa mwisho, na miguu imekuwa mizito kama ya mtu anayevuka mto Sio wakati wa mvua. Katika kipindi cha nne cha nyongeza Ilodigwe akaupata mpira na kuutia wavuni. Howard 2, Saint Louis 1.

Safari hii hakuna aliyekuja kuchukua kombe. Howard ikawa chuo cha kwanza cha Weusi kuandikwa katika vitabu vya NCAA kuwa bingwa wa daraja la juu, na ubingwa ukabaki ulipoandikwa. Walioliinua walikuwa karibu wote ni vijana wa Karibi na Afrika, wale wale wageni ambao sheria ilikuwa ikiwachungulia umri.

Mahakama ikasema nini?

Mahakama ya chini ilitoa uamuzi mwaka 1973, na ile ya rufaa jijini Washington ikauthibitisha mwaka 1975. Majaji walisema sheria ya wanafunzi wageni ilikiuka haki ya watu wote kutendewa sawa chini ya katiba. Ilikuwa imewabagua wageni, na haikulenga vizuri hata lile lengo lake la kuzuia wachezaji waliokomaa kupita kiasi. Sheria hiyo ikaanguka.

Lakini majaji hao hao walisema zile sheria nyingine mbili, ya miaka mitano na ya alama 1.6, zilikuwa halali zilipotumika. Howard ilikuwa imezivunja. Kwa hivyo adhabu ilibaki, na kombe la 1971 halikurudi. Hapo ndipo hutofautiana na wale wanaosimulia habari hii kama hadithi ya sungura na fisi. Howard ilishinda katika jambo kubwa ikashindwa katika jambo dogo, na jambo dogo ndilo lililolishikilia kombe. Lau Howard isingezivunja sheria hizo mbili, chama kingebaki na ile sheria ya wageni mkononi, na sheria hiyo mahakama iliitupa.

Na Keough? Sijapata kusikia kwamba alilalamika. Labda alimkumbuka Joe Gaetjens. Mhaiti yule aliyempa Keough ushindi mkubwa kuliko wote maishani mwake alirudi kwao, na mwaka 1964 akakamatwa na vikosi vya dikteta Duvalier, asionekane tena.

Uamuzi huo wa mahakama ulikuja wakati muafaka kwa watu wa huku kwetu. Miaka ile ile Howard ilipokuwa ikitamba, Julius Sang na Robert Ouko walikuwa wanafunzi wa North Carolina Central, chuo kingine cha Weusi, chini ya kocha LeRoy Walker. Ni hao hao waliokimbia pamoja na Charles Asati na Munyoro Nyamau na kuiletea Kenya dhahabu ya mbio za kupokezana vijiti mita 400 mara 4 huko Munich mwaka 1972. Baadaye wakaja wengi. Henry Rono alivunja rekodi nne za dunia mwaka 1978 akiwa mwanafunzi wa Washington State. Suleiman Nyambui wa Tanzania alitamba katika chuo cha Texas kilichoko El Paso, kisha akaleta medali ya fedha kutoka Moscow mwaka 1980. Wakimbiaji hao walipoanza kufagia kila mashindano, manung'uniko yakarudi: wazee hawa wageni wanawaonea watoto wetu. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 NCAA ikawa na sheria mpya ya umri, lakini mara hii haikumtaja mgeni wala mwananchi. Ilimhesabia kila mtu. Ilipofikishwa mahakamani, ilisimama.

Sheria za namna hiyo zimebadilishwa mara nyingi tangu wakati huo na zinaendelea kubadilika. Kwa hivyo wewe mwanafunzi wa Form Four unayesoma ukurasa huu huku viatu vyako vya mpira vikiwa chini ya kitanda, au wewe mzazi unayemlea kijana wa aina hiyo, uliza mapema. Mwaka wa kukaa nyumbani ukichezea klabu baada ya sekondari unaweza kukugharimu mwaka wa kucheza chuoni. Jina lililoandikwa Wanyama kwenye cheti kimoja na Wanyamah kwenye kingine litakusumbua zaidi ya beki yeyote. Watu wa Busia na Malaba, ambao wengine wana karatasi za pande mbili na ndugu wa kuapa kwa kila moja, wasikie mara mbili.

Howard yenyewe ilifika fainali tena mwaka 1988, ikafungwa 1-0 na Indiana. Mlangoni siku hizo alikuwapo kijana mrefu aliyeitwa Shaka Hislop. Bila shaka wapenzi wa ligi ya Uingereza wanamkumbuka kutoka Newcastle, West Ham na Portsmouth. Alizaliwa London, akalelewa Trinidad, akasomea Washington, akachezea timu ya vijana ya Uingereza mara moja, kisha akawa mlangoni mwa Trinidad na Tobago ilipotoka sare 0-0 na Uswidi katika Kombe la Dunia la 2006. Niambie wewe, yule ni wa wapi? Sisi wenyewe tumebishana sana kuhusu Divock Origi, mwana wa mchezaji wetu Mike Okoth, aliyezaliwa Ubelgiji na kuifungia Ubelgiji bao katika Kombe la Dunia la 2014. Wengine walishangilia hata kabla ya kuamua kama waliruhusiwa.

Mwaka 2016 ilitengenezwa filamu ya televisheni kuhusu vijana wa Howard, Spike Lee akiwa mmoja wa watayarishaji wake. Wachezaji walikuwa sasa ni wazee wenye mvi. Phillips naye, baada ya Howard, alirudi Trinidad na kufanya kazi ya kukuza soka ya nchi yake.

Kombe la 1971 hawakupewa Saint Louis waliofungwa, wala hakupewa mwingine yeyote. Ukifungua orodha ya NCAA ya mabingwa wa soka utaona 1970 Saint Louis, 1972 Saint Louis, 1973 Saint Louis, 1974 Howard. Katika mstari wa 1971 pameandikwa kwamba ubingwa umefutwa, na nafasi ya jina iko wazi.